Kikundi chako ni cha aina gani? Vikundi vya Karagwe na Kyerwa na kazi ya kila kimoja

Mtu mmoja wa Karagwe au Kyerwa anaweza kuwa ndani ya vikundi vinne kwa wakati mmoja: cha kufa na kuzikana, cha hisa, chama cha msingi cha kahawa na kikundi cha mkopo wa halmashauri. Vyote tunaviita "kikundi", na mara nyingi wanachama ni walewale. Lakini kila kimoja kina kazi yake na fedha yake. Matatizo mengi huanza pale kikundi cha aina moja kinapofanyishwa kazi ya kingine.

Undugu na mkataba

Vyuoni, wanafunzi wa maendeleo ya jamii hufundishwa kwanza aina mbili za makundi. Mwaka 1909 msomi wa Marekani, Charles Horton Cooley, aliandika kuhusu makundi ya msingi: familia, watoto wanaocheza pamoja na majirani. Watu hawa hufungwa na kujuana, si karatasi. Makundi ya upili ni yale yanayoundwa kwa lengo maalumu, yakiwa na kanuni na viongozi.

Vikundi vya vijijini vina sura zote mbili. Mweka hazina ni shemeji yako, na anayedaiwa ni jirani yako. Ndiyo maana kudai huwa kugumu, na ndiyo maana kanuni zinahitajika kuandikwa mapema, kabla hajapatikana wa kudaiwa.

Kufa na kuzikana

Hiki kiko karibu zaidi na undugu. Wanachama huchanga fedha, huleta ndizi, kuni na maji, na huchimba kaburi. Kusini magharibi mwa Uganda vikundi vya namna hii huitwa engozi, jina la machela ya kubebea wagonjwa. Fedha yake haitakiwi kukopeshwa, kwa sababu msiba hausubiri mkopo urejeshwe.

Hisa na VICOBA

Mfumo huu wa kuweka na kukopa ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, kisha ukaenea Afrika. Wanachama hununua hisa kila kikao, hukopeshana kwa riba ndogo, na mwisho wa mzunguko, ambao mara nyingi ni mwaka mmoja, huvunja kikundi na kugawana. Sanduku huwa na kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Mfuko wa jamii, wa kusaidia wagonjwa na wafiwa, huhesabiwa peke yake.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe, na usajili hufanyika kupitia halmashauri.

Chama cha msingi cha kahawa

AMCOS si kikundi cha kukopeshana. Ni chama cha ushirika, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, kinachokusanya kahawa ya wanachama na kuiuza kwa pamoja. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012, na chama kikuu, KDCU, bado kinahudumia wilaya zote mbili.

Malipo ya AMCOS huja baada ya mavuno. Mkulima mwenye mgonjwa au karo kabla ya hapo hushawishika kuuza kwa butura, yaani kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Pengo hilo AMCOS pekee haiwezi kuliziba. Mkopo mdogo wa kikundi cha hisa unaweza.

Mkopo wa halmashauri

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Utoaji ulisitishwa Aprili 2023, baada ya kubainika vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, ukarejea mwaka 2024.

Kikundi kinachoundwa ili kupata mkopo tu, wanachama wakagawana fedha na kila mtu akashika njia yake, hubaki na deni bila kazi ya kulilipa. Anayekopa ni kikundi, kwa hiyo mwenzako akitoroka, deni linabaki kwenu.

Kabla ya kutoa jina lako

Tunashauri uulize maswali haya:

1. Kazi ya kikundi hiki ni ipi hasa?
2. Katiba iko wapi, na nani atanisomea kama sijui kusoma?
3. Fedha inakaa wapi, na funguo ziko kwa nani?
4. Mtu asipolipa, nini kinafanyika?
5. Nikitaka kutoka, nachukua nini?

Wakishindwa kukujibu, subiri kwanza. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yako anaweza kukueleza kama kikundi kimesajiliwa, na afisa ushirika wa wilaya ndiye wa kuulizwa kuhusu AMCOS.