Mpunga na Maji ya Usangu

Mpunga ni mmea wenye kiu. Mtama huvumilia ukame wa siku kadha wa kadha, lakini mpunga wa majaruba hutaka udongo uloweshwe kabla ya kupandwa, kisha maji yatuame shinani majuma mengi. Mengine hunyonywa na mmea, mengine huzama ardhini, na mengine huchukuliwa na jua na upepo.

Bonde la Usangu, kusini-magharibi mwa Tanzania, lilijifunza jambo hili kwa gharama. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Wabaluchi waliohamia huko walichimba mifereji. Wenyeji wakaiga, na katika miaka ya 1970 likaanzishwa shamba kubwa la Mbarali kwa msaada wa Uchina. Mito ishukayo kutoka nyanda za juu hulisha kinamasi cha Ihefu, na kinamasi hicho kina mwamba uliokaa kama kizingiti penye mlango wake, Ng'iriama. Maji yakipanda juu ya kizingiti, Ruaha Mkuu hutiririka. Yakishuka, mto hukatika. Ulikatika mwaka 1993, na baadaye tena na tena kila kiangazi.

Lawama ziliwaangukia wafugaji, na wengi wao waliondoshwa bondeni mwaka 2006 na 2007. Walakini ng'ombe hunywa ndoo chache kwa siku. Wachunguzi waliopima mvua na mito waliona kuwa sababu kubwa ilikuwa maji yaliyotolewa mitoni wakati wa kiangazi, si upungufu wa mvua.

Je, mabadiliko ya hali ya hewa hayana neno? Yana neno zito. Hewa yenye joto hunyonya maji zaidi jarubani. Tena, uchunguzi uliofanywa Los Baños, Ufilipino, na kutangazwa mwaka 2004, ulionyesha kuwa joto la usiku likizidi kwa digrii 1, mavuno ya kiangazi hupungua kwa kadiri ya sehemu 1 katika 10. Basi maji yaleyale huzaa punje chache, na kila kibaba cha mchele huwa ghali zaidi kwa mto.

Dawa moja inajulikana: kuacha jaruba likauke kidogo, kisha kulinyeshea tena, badala ya kulifurikisha daima. Lakini maji yaliyookolewa shambani yakipelekwa kupanua shamba jingine, mto haupati kitu. Akiba ya maji hupimwa kizingitini Ng'iriama, wala haipimwi jarubani.