Tahadhari Haikai Moyoni mwa Mtawala

Tumezoea kuihesabu tahadhari kuwa tabia ya mtu: fulani mwangalifu, fulani ana pupa. Historia ya vijiji vya ujamaa nchini Tanzania inapingana na mazoea hayo. Ni watawala wachache walioandika kwa uangalifu kama Julius Nyerere juu ya hatari ya kuwaswaga watu. Katika andiko lake la 1967 kuhusu ujamaa vijijini alisisitiza hiari. Mwaka uliofuata akashikilia kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza. Novemba 1973, huyo huyo akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na mwisho wa 1976 kazi iwe imekamilika.

Ukichunguza tabia yake hutapata jibu. Wachunguze waliokuwa na uwezo wa kusema "ngoja kwanza". Huko Litowa, Songea, wakulima walianzisha kijiji cha hiari mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vijiji vingine vya Ruvuma vikaungana nao katika chama kimoja cha maendeleo. TANU, chama tawala, ikakivunja chama hicho Septemba 1969. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikafutwa kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani (jina lenye kejeli, kwani waliopewa madaraka ni maofisa wa serikali kuu). Vyama vya ushirika vilifuata 1976. Taarifa zilizobaki kupanda juu ni za ofisa aliyepimwa kwa idadi ya kaya alizohamisha. Nani angeandika kwamba mambo yanakwenda kombo?

Mkulima aliyeitwa mkaidi alikuwa na tahadhari yake. Shamba moja bondeni, jingine mlimani, mtama kando ya mahindi: mvua ikikosea huku, kule huvunwa chochote. Nyumba nyingi zilitawanyika kwa sababu hiyo, si kwa ujinga. Zilipopangwa kwa safu kandokando ya barabara, mashamba yakawa mbali, na ardhi na kuni za jirani zikachoka upesi. Sehemu nyingine nyumba zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi.

Watetezi wa uhamishaji huo husema shule, maji na zahanati visingewafikia watu waliotawanyika. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Ila haielezi haraka. Ukame wa 1973 na 1974 ulikuwa sababu ya kusubiri, maana kaya iliyohamishwa msimu wa kupanda haivuni.

Sheria za 1982 zilirudisha halmashauri na ushirika. Mwaka 1984, akihojiwa na jarida la Third World Quarterly, Nyerere alivitaja vyombo hivyo viwili: kuvifuta, alikiri, kulikuwa kosa. Wanaomsifu kwa unyenyekevu wa kukiri wanarudi kule kule kwenye tabia. Alichokitaja yeye ni vyombo.