Historia ya Mbege ya Kilimanjaro na Hadhi ya Kinywaji cha Mahali

Mbege ni pombe ya ndizi mbivu na ulezi ambayo Wachagga wa miteremko ya Mlima Kilimanjaro wamekuwa wakiitengeneza kwa vizazi vingi, na historia yake haiwezi kutenganishwa na historia ya kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, migomba, mifugo na makaburi ya wazee, ambalo baba humrithisha mwana. Ulimwenguni vipo vinywaji vya kuchachushwa vinavyojulikana kwa majina ya mahali vilikozaliwa, na miongoni mwake mvinyo wa Hispania ni mfano ulio wazi zaidi wa namna kinywaji cha wakulima kinavyoweza kupewa heshima ya kisheria bila kung'olewa katika udongo wake. Mbege ina sifa zote zinazoweza kuipa heshima ya namna hiyo, ila masharti yake hadi leo yanakaa zaidi katika mikono na vinywa vya watengenezaji kuliko katika maandishi.

Ukanda wa migomba umezunguka mlima kuanzia kwenye mwinuko wa mita 1,000 hivi kutoka usawa wa bahari hadi karibu na mita 1,800, chini ya msitu wa hifadhi na juu ya nyanda kavu. Upande wa kusini, katika Machame, Kibosho, Uru na Old Moshi, hupata mvua nyingi kuliko upande wa mashariki wa Rombo, kwa hiyo kilimo cha huko na cha kule hakikuwa sawa tangu zamani. Tofauti hizo zilipunguzwa na mifongo, ambayo ni mifereji iliyochimbwa kwa mikono ili kuteremsha maji kutoka kwenye mito ya msituni hadi vihambani na mashambani, na maji hayo ndiyo yaliyonywesha ulezi uliolimwa katika sehemu za chini wakati wa kiangazi. Kwa hiyo kila chombo cha mbege kilikusanya mazao ya kanda mbili za mlima: ndizi za juu zilizokua kwa baridi na samadi ya ng'ombe wa zizini, pamoja na ulezi wa chini ulioivishwa na jua na maji ya mfongo.

Utengenezaji wenyewe ni kazi ya siku kadhaa inayodai uangalifu katika kila hatua. Ndizi huvunwa zikiwa zimekomaa, huachwa ziive hadi zilainike, kisha humenywa na kuchemshwa kwa saa nyingi katika chungu au sufuria kubwa mpaka rangi yake igeuke kuwa nyekundu ya kahawia. Baada ya kupoa huongezwa maji na kuachwa zichachuke kwa siku kadhaa kwa hamira ya asili iliyomo hewani na chomboni, ndipo huchujwa na kubaki maji yake peke yake. Wakati huohuo ulezi hulowekwa, huachwa uchipue, hukaushwa juani na kusagwa kuwa unga wa kimea, kwa kuwa punje inapochipua huzalisha vimeng'enya, yaani viini vinavyovunja wanga na kuugeuza sukari ambayo hamira inaweza kuila. Unga huo hupikwa uji uitwao mso, nao ukishapoa huchanganywa na maji ya ndizi. Hutiwa pia kipimo kidogo cha gome la msesewe, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra; gome hilo huipa mbege uchungu unaokata utamu wa ndizi, na likizidi kidogo tu kinywaji kizima huharibika. Siku inayofuata mbege huwa tayari, nzito na yenye povu la ulezi juu yake, na huandaliwa katika kata, yaani chombo cha kibuyu chenye mkono mrefu. Baada ya siku moja au mbili huanza kuwa kali na chachu, hivyo haiwekwi akiba wala haisafiri mbali.

Katika enzi za mamangi, waliokuwa watawala wa himaya ndogondogo za mlimani, mbege ilikuwa sehemu ya utaratibu wa jamii kuliko kuwa starehe. Johannes Rebmann, mmisionari aliyefika Uchagga mwaka 1848 na kuwapelekea Wazungu habari za theluji ya Kilimanjaro, alizikuta himaya hizo zikiwa tayari na mifongo, vihamba na desturi zake. Wanaume waliokusanyika kusafisha mfongo walimaliza kazi kwa mbege. Posa ilipelekwa kwa mbege, na idadi ya vyombo vilivyoletwa ilionyesha uzito wa nia ya upande wa kijana. Wazee wa ukoo waliimwaga chini kidogo wakiwakumbuka waliotangulia kabla ya walio hai kuonja. Na waliokosana walipopatanishwa kwa jani la sale, mmea wa kuombea msamaha ambao pia hupandwa mipakani mwa vihamba, walikamilisha suluhu yao kwa kunywa pamoja. Mpangilio wa nani anapewa kata kwanza ulifuata umri na nafasi ya mtu katika ukoo, na kwa njia hiyo mbege ilitunza kumbukumbu ya nasaba katika jamii ambayo haikuwa na daftari.

Mabadiliko makubwa yalianza katika miaka ya 1890, pale misheni ya Kikatoliki ya Kilema na misheni ya Kilutheri ya Leipzig zilipojikita mlimani na utawala wa Wajerumani ulipovunja nguvu za mamangi, hata ukamnyonga Mangi Meli wa Moshi mwezi Machi mwaka 1900. Kahawa iliyoletwa na wamisionari ilipandwa chini ya kivuli cha migomba ileile, na reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911 zao hilo lilipata njia ya kwenda baharini. Mgomba haukuondolewa, kwa sababu kahawa ilihitaji kivuli chake, lakini ulezi ulipoteza nafasi taratibu, maana ardhi ya chini ilichukuliwa na walowezi, na mahindi, ambayo kazi yake ni nyepesi zaidi, yakashika sehemu kubwa ya iliyobaki. Katika kipindi hicho ndipo desturi za mlima zilipoanza kuandikwa kwa upana: Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza, alitoa kitabu chake juu ya Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924, na mchungaji Bruno Gutmann, aliyefika Uchagga mwaka 1902, alichapisha kwa Kijerumani kazi yake kubwa juu ya sheria za Wachagga mwaka 1926. Hata hivyo, vitabu hivyo viliandikwa kwa lugha ambazo mtengenezaji wa mbege wa wakati huo hakuzisoma.

Wakulima walipounda chama chao cha kahawa mwaka 1925, na nafasi yake ikachukuliwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU mwaka 1933, fedha taslimu ziliingia katika kila kihamba, na mbege ikageuka pia kuwa bidhaa. Mgawanyo wa kazi ulifuata mgawanyo wa mazao: kahawa ilikuwa ya mwanamume na malipo yake yalipitia chamani, ilhali ndizi zilikuwa mikononi mwa mwanamke, aliyezibeba hadi masoko ya Mwika, Marangu na Kiboriloni, na aliyeweza kuzigeuza mbege na kupata ada ya shule bila kusubiri msimu. Baada ya uhuru, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliweka utaratibu wa leseni kwa wauza pombe za kienyeji na saa za kuuza. Vilabu vikaongezeka mlimani na mjini, na Moshi ilipopanuka, kata zake za makazi, Soweto ikiwa mojawapo, zikawa mahali ambapo watu walioteremka kutoka Kibosho, Uru au Rombo wanaishi jirani kwa jirani, wakipokea mbege kwa madumu kutoka vijijini kwao panapokuwa na posa, kipaimara au matanga. Kwa hiyo mkazi wa mjini anaweza kuonja mbege za vijiji mbalimbali bila kupanda mlima, na mzoefu hutambua mara moja iliyozidishiwa ulezi, iliyochemshwa kwa haraka na iliyotiwa msesewe kwa mkono mzito.

Ushindani wa viwanda ulikuja kwa nguvu baada ya uchumi kufunguliwa. Katika miaka ya 1990 Kibo Breweries ilizalisha bia mjini Moshi hadi shughuli zake zilipounganishwa na za Kampuni ya Bia Tanzania mwaka 2002, na baadaye Serengeti Breweries ikajenga kiwanda chake katika mji huohuo. Mjini Arusha, kampuni ya Banana Investments iliyoanzishwa mwaka 1993 ilionyesha kwamba ndizi zinaweza kutoa mvinyo wa kutiwa katika chupa na kuuzwa mbali, ingawa mvinyo huo ni kinywaji kingine, kisicho na ulezi wala masharti ya mbege. Dodoma nako, ambako wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu huko Bihawana mwaka 1957, hali ya hewa inayoruhusu mavuno mawili kwa mwaka imezaa mvinyo ambao Watanzania huuita kwa jina la mkoa wenyewe. Dodoma ni ushahidi kwamba hata katika Tanzania jina la mahali linaweza kuuza kinywaji, mradi mahali hapo pawe na sifa inayojulikana.

Hispania imeipitia njia hiyo kwa muda mrefu zaidi. Rioja, jimbo la kaskazini ambalo zabibu yake kuu ni tempranillo, lilipokea mbinu za wafanyabiashara wa Kifaransa katika karne ya 19, hasa ile ya kuulaza mvinyo katika mapipa ya mwaloni, na mwaka 1925 likawa eneo la kwanza nchini humo kupewa ulinzi wa jina. Ulinzi huo unasimamiwa na baraza la udhibiti, yaani chombo cha wakulima na watengenezaji kinachoamua zabibu ipi ipandwe wapi na mvinyo ukae muda gani: ule mwekundu wa Rioja unaoandikwa neno reserva, kwa mfano, sharti ukae angalau miaka 3, na mmojawapo uwe ndani ya pipa. Ribera del Duero, nyanda za juu zenye usiku wa baridi kali, ilitambuliwa mwaka 1982, na Rías Baixas, pwani yenye mvua nyingi ambako zabibu nyeupe ya albariño hustawi, ikatambuliwa mwaka 1988. Mfano wenye mafunzo zaidi kwa Kilimanjaro ni Priorat, eneo la Katalonia lenye vilima vya mawe meusi yanayopasuka kama vigae, ambako mashamba mengi yalikuwa yametelekezwa kabla ya René Barbier, Álvaro Palacios na wenzao kutoa mvinyo wao wa kwanza kutoka mavuno ya mwaka 1989. Walichanganya mbegu za kigeni na mizabibu mikongwe ya garnacha na cariñena iliyokuwa imedharauliwa kwa uchache wa mazao yake, na mizabibu hiyo mikongwe ndiyo iliyoirudishia Priorat jina.

Usasa wa mvinyo wa Hispania, basi, una nguzo mbili zilizokwenda pamoja: mbinu mpya za usafi na uhifadhi, na maandishi yanayolinda tofauti za mahali. Mbege haitakuwa bidhaa ya kuvuka bahari, kwa kuwa uhai wake ni wa siku chache, lakini ulinzi wa jina hauhitaji safari. Unahitaji makubaliano kuhusu kinachostahili kuitwa mbege na kisichostahili. Haja hiyo ni ya kweli, maana sukari ya dukani inayoongezwa ili kuharakisha uchachu na maji yasiyochemshwa huharibu afya ya mnywaji na sifa ya mtengenezaji mwaminifu kwa pamoja. Katika Jamhuri ya Muungano mfano wa kisheria haukosekani, kwa kuwa Zanzibar ilitunga Sheria ya Mali za Viwanda mwaka 2008 inayotambua viashiria vya kijiografia, yaani majina ya mahali yanayothibitisha ubora wa bidhaa.

Kazi ya kwanza ni ya maandishi, na wenye uwezo wa kuifanya wapo: vyama vya ushirika, maofisa ugani, vyuo vya Moshi, na zaidi ya wote wanawake ambao vipimo vya mbege vimehifadhiwa vichwani mwao. Yaandikwe majina ya ndizi zinazotumiwa katika kila tarafa, saa za kuchemsha, kipimo cha kimea kwa kila debe, kiasi cha msesewe na mahali miti yake ilipobaki, kabla magonjwa ya migomba, ufinyu wa vihamba na uhamaji wa vijana havijapunguza wanaoyajua hayo. Daftari la namna hiyo likikamilika, mtengenezaji wa Rombo na wa Machame watakuwa na msingi wa kudai bei inayolingana na kazi yao, na mnunuzi wa Soweto atakuwa na haki ya kuuliza mbege aliyoletewa imetoka kihamba kipi na imetengenezwa kwa masharti gani.