Shekina: Historia ya Neno Moja la Wayahudi

Neno Shekina hutajwa mara nyingi katika mahubiri na katika mafundisho ya Agano la Kale, hata mwalimu aweza kudhani kwamba limeandikwa katika Taurati au katika vitabu vya Manabii. Lakini akiyachungua Maandiko ya Kiebrania toka mwanzo hata mwisho, hatalikuta. Neno hili ni la walimu wa Kiyahudi waliofuata baada ya zamani za manabii. Basi yafaa tujue lilitoka wapi, na kwa haja gani, kwa kuwa ndani yake mna swali lililo kubwa kuliko neno lenyewe: Mungu asiyetoshewa na mbingu awezaje kukaa pamoja na watu? Na nyumba yake ikibomolewa, je, amewaacha?

Shina la neno ni herufi tatu za Kiebrania, sh-k-n, na maana yake ni kukaa, kutua, kufanya makao. Katika shina hilo limetoka neno mishkan, yaani ile hema ambayo Musa aliagizwa kuifanya jangwani. Waarabu nao wanalo shina hilo, ila kwao ni s-k-n, na kwao sisi tumepokea neno maskani. Kadhalika neno sakina, ambalo katika Kurani, sura ya pili, latajwa pamoja na sanduku la agano, ni ndugu wa Shekina, ijapokuwa Waislamu hulieleza zaidi kwa maana ya utulivu utokao kwa Mungu. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili anayo njia fupi ya kuwaeleza wanafunzi wake: Shekina ni kukaa kwake Mungu pamoja na watu. Si jina la mungu mwingine, wala si jina la malaika.

Ijapokuwa neno halimo katika Maandiko, jambo lenyewe limo. Sulemani alipoiweka wakfu hekalu, wingu liliijaza nyumba. Lakini katika sala yake ile ile alikiri kwamba hata mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba aliyoijenga yeye. Waisraeli walishika mambo haya mawili pamoja. Mwaka 586 kabla ya kuzaliwa Kristo jeshi la Nebukadneza likaiteketeza hekalu. Ezekieli, aliyekuwa miongoni mwa waliohamishwa kwenda Babeli, alikuwa ameona katika maono utukufu wa Bwana ukiondoka hatua kwa hatua: kutoka kwa makerubi hata kizingitini, kutoka kizingitini hata lango la mashariki, na kutoka huko hata mlima ulio mashariki ya mji. Tena aliambiwa kwamba Mungu mwenyewe atakuwa patakatifu padogo kwa watu wake katika nchi walizokwenda. Walimu wa baadaye waliyashika sana maneno hayo, wakafundisha kwamba patakatifu hapo padogo ni masinagogi.

Hekalu ya pili ilimalizika mwaka 515 kabla ya Kristo, lakini sanduku la agano halikuwamo. Katika Talmudi ya Babeli mna fundisho lihesabulo vitu vitano vilivyopungua katika nyumba hiyo, na Shekina ni kimojawapo. Watu walipozoea kusema Kiaramu, Maandiko yalifasiriwa kwa lugha hiyo katika masinagogi, na tafsiri hizo zaitwa Targumi. Katika Targumi ya Onkelosi, mahali ambapo Kiebrania chasema kwamba Mungu atakaa kati ya watu, mfasiri asema kwamba ataikalisha Shekina yake kati yao. Alifanya hivyo kwa heshima, asije msikilizaji akadhani kwamba Mungu ana mwili na huketi mahali kama mwanadamu.

Mwaka 70 baada ya Kristo Warumi chini ya Tito waliiharibu hekalu ya pili. Sadaka zikakoma, ukuhani ukakosa kazi. Hapo lile swali la kwanza likarudi kwa ukali, na taifa zima likangoja jibu. Simoni bin Yohai, mwalimu wa karne ya 2, alifundisha kwamba kila mahali Israeli walikohamishwa, Shekina ilihamishwa pamoja nao: walipokuwa Misri ilikuwa nao, walipokuwa Babeli ilikuwa nao, na watakapokombolewa itarudi pamoja nao. Anania bin Teradioni alifundisha kwamba watu wawili waketipo na maneno ya Taurati yakiwa kati yao, Shekina hukaa kati yao. Mwalimu huyo, kama mapokeo ya Wayahudi yasimuliavyo, aliuawa na Warumi kwa sababu hakuacha kufundisha Taurati mbele ya watu. Tena desturi ilifuata fundisho: amwendeaye mgonjwa asiketi juu ya kitanda chake, bali aketi mbele yake kwa unyenyekevu, kwa kuwa Shekina i juu ya kichwa cha mgonjwa.

Wako waliodhihaki. Talmudi yasimulia kwamba Rabani Gamalieli aliulizwa: ikiwa Shekina hukaa po pote watu kumi wakutanapo, je, ziko Shekina ngapi? Naye akajibu kwa mfano wa jua. Jua ni mtumishi mmoja tu wa Mungu, nalo huingia katika nyumba zote pasipo kugawanyika. Si zaidi Shekina yake Mungu?

Katika zama za kati wenye elimu walishindana. Saadia, aliyekufa mwaka 942, alisema kwamba utukufu waliouona manabii ni nuru iliyoumbwa na Mungu. Musa bin Maimun, aliyezaliwa Cordoba mwaka 1138 na kufa Misri mwaka 1204, alifuata njia hiyo, ili umoja wa Mungu usitiwe doa. Lakini Nahmanides, wa karne ya 13, alikataa. Hoja yake ilikuwa nzito: kama Shekina ni kitu kilichoumbwa, basi aisujudiaye amekisujudia kiumbe. Katika karne hiyo hiyo kilitokea Hispania kitabu kiitwacho Zohar, ambacho chaieleza Shekina kwa mifano ya binti na ya malkia. Hapa yatupasa kukumbuka sarufi. Kiebrania hutenga maneno ya kiume na ya kike, na Shekina ni neno la kike. Kwa walimu wa kwanza hiyo ilikuwa sarufi tu. Hao wa baadaye waliijengea fundisho zima. Kiswahili hakina mgawanyo huo, kwa hiyo msomaji wetu haoni upesi mifano hiyo ilianzia wapi.

Basi mwalimu na ashike mambo matatu. Kwanza, asiseme kwamba neno hili limo katika Agano la Kale. Aseme kwamba ni ufafanuzi wake. Pili, anapofundisha mwanzo wa Injili ya Yohana, kwamba Neno alikaa kati yetu, aweza kutaja Shekina kwa haki, maana fikira ni za nyumba moja. Lakini asijenge hoja juu ya neno la Kiyunani skene, hema, kwa kuwa kufanana kwa sauti si ushahidi wa udugu. Tatu, na hili ni kubwa, asiwaambie watoto kwamba Wayahudi walimfungia Mungu katika nyumba ya mawe. Nyumba hiyo ilianguka mara mbili, na mara zote mbili walikiri kwamba aliyekaa ndani yake hakuanguka pamoja nayo, bali alitoka akafuatana na mateka njiani.