Bodaboda Ilitangulia, Sheria Ikafuata

Neno bodaboda limebeba historia yake. Kuanzia miaka ya 1960, mjini Busia, vijana wenye baiskeli walivusha watu na mizigo kati ya upande wa Kenya na ule wa Uganda. Waliita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakilirudia mara mbili, na jina likabaki.

Nikisoma historia ya usafiri katika shahada ya uzamili, hukutana na dai kwamba watu hupenda teknolojia kwa sababu ni mpya. Busia yakataa. Baiskeli ilikuwa imezoeleka tayari. Jipya lilikuwa matumizi. Pikipiki nayo ilikuwepo nchini miaka mingi bila kubadilisha maisha ya wengi. Kilichobadilika ni bei. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa VAT kwa pikipiki za chini ya sisi 250, na zile za India na China zikajaa hadi vijijini.

Nyanya yangu anaishi mahali ambapo matatu haifiki. Akiugua usiku, bodaboda ndiyo ambulensi. Mtu kama yeye hapimi hatari ya pikipiki peke yake. Anailinganisha na hatari ya kubaki nyumbani.

Kanuni kali zilikuja nyuma. Mwaka 2012 Sheria ya Trafiki ilirekebishwa: abiria mmoja, kofia ngumu na jaketi ya kuakisi mwanga kwa wote wawili. Lakini matatu ina njia yake na kituo chake, ilhali bodaboda hupita kila uchochoro, na waendeshaji ni wengi kuliko askari. Isitoshe, wao ni wapiga kura. Machi 2022, baada ya kundi la waendeshaji kumdhulumu dereva mwanamke jijini Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako. Ulisitishwa baada ya siku chache. Uchaguzi ulikuwa Agosti.

Kwa maoni yangu, nafasi ya kudhibiti ilikuwa 2008, kodi ilipoondolewa. Mafunzo na leseni vingeandamana na pikipiki ya kwanza. Leo kila kanuni inagusa chakula cha mtu. Binamu yangu alivunjika mguu akiendesha. Alipopona alirudi steji, kwani deni la pikipiki lilikuwa bado linamngoja.