NDEGE ZA VITA ZILIZORUKA JUU YA ZIWA LETU
Somo la historia kwa familia zinazotembelea makumbusho



Ndugu wasomaji, ndugu zetu walioko Ulaya wana desturi nzuri ya kututumia picha za matembezi yao na watoto wakati wa likizo. Safari moja zilitufikia picha kutoka Brussels, katika Makumbusho ya Kifalme ya Jeshi na Historia ya Vita. Ndani ya ukumbi mkubwa zimepangwa ndege za vita vikuu viwili: za mbao na kitambaa za 1914-1918, na za chuma za 1939-1945 kama Spitfire na Hurricane. Watoto wetu wa Kizuka walizigombania picha zile. Kisha mmoja wao akauliza: "Je, ndege kama hizi ziliwahi kufika kwetu?"

Wakubwa tulitazamana. Jibu ni kwamba zilifika, na zilidondosha mabomu katika ziwa hili hili tunalovua dagaa.

VITA VILIVYOKUJA NA MELI

Mwaka 1914 Burundi ilikuwa pamoja na Rwanda na Tanganyika chini ya Wajerumani. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Uvira na Kalemie, walikuwapo Wabelgiji. Wazungu walipoanza kupigana kwao, ziwa likawa mpaka wa vita. Mwezi wa Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia na kuiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, na tangu hapo Wajerumani wakatawala maji.

Nguvu yao kubwa ilikuwa Kigoma, ambako reli kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1914. Kwa reli hiyo waliletewa vipande vya meli kubwa iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Iliunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Urefu wake ni kama mita 71, na jina lake lilikuwa Graf von Götzen.

Waingereza nao walileta boti ndogo mbili, Mimi na Toutou, zilizovutwa nchi kavu kupitia Kongo. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kingani, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Lakini Götzen ilibaki, na ndipo likaja wazo la kuishambulia kutoka angani.

NDEGE NNE

Waingereza waliwapa Wabelgiji ndege nne aina ya Short 827. Zilikuwa ndege za majini: chini badala ya magurudumu zilikuwa na maboya mfano wa mitumbwi. Zilibeba watu wawili, zilikuwa na injini ya nguvu za farasi 150, na mwendo wake ulikuwa kama kilomita 100 kwa saa. Mwili na mabawa yake ni mbao zilizovikwa kitambaa.

Zilisafirishwa kwa meli mpaka Matadi, kisha kwa reli na kwa mto, zikapakiwa na kupakuliwa mara nyingi, hata zikafika ziwani mwaka 1916. Kituo kilikuwa Mtoa, kaskazini ya Kalemie. Kila mvuvi wa kwetu anajua mawimbi ya Tanganyika yanavyochafuka pepo zikivuma. Ndege za kitambaa hazikuyaweza, ikabidi zirukie katika kiziwa kidogo cha pembeni kiitwacho Tongwe, chenye maji yaliyotulia.

Tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon walivuka ziwa wakaishambulia bandari ya Kigoma. Mashambulizi mengine yalifuata. Behaeghe hakurudi kwao. Aliugua akafariki huko huko Kongo mwezi wa Desemba mwaka huo huo.

Katika siku hizo hizo za Juni, jeshi la Wabelgiji liliingia Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, na Gitega. Hivyo wazee wetu walibadilishiwa mtawala bila kuulizwa.

MELI ILIYOKATAA KUFA

Götzen haikuzamishwa na bomu. Wajerumani wenyewe, walipoona Kigoma inaponyoka, waliizamisha tarehe 26 Julai 1916. Mafundi walizipaka mashine zake grisi nyingi kwanza, kwa matumaini kwamba ipo siku itaibuliwa. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia mjini.

Matumaini ya mafundi wale hayakupotea. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakakuta mashine bado zafaa, na tarehe 16 Mei 1927 ilianza kazi tena kwa jina jipya. Jina hilo hakuna mtu wa ziwani asiyelijua: Liemba.

Hapa ndipo historia inapotugusa wenyewe. Mwezi wa Mei 2015, machafuko yalipozuka nchini mwetu, maelfu kwa maelfu ya watu walikimbilia Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi cha Tanzania karibu kabisa na mpaka. Hapakuwa na maji safi wala vyoo vya kutosha, na kipindupindu kikaingia. Meli iliyokwenda kuwachukua, mamia kwa kila safari, na kuwafikisha Kigoma ili waende kambi ya Nyarugusu, ilikuwa ni Liemba. Kabla ya hapo, mwaka 1997, ilikwisha kuwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo. Chombo kilichojengwa kwa ajili ya mkoloni, kikavishwa mizinga ya vita, kikawindwa na ndege, kilikuja kuwabeba mama na watoto wachanga. Na miongoni mwa wasomaji wetu wamo waliopanda ngazi zake siku zile.

TUKIINGIA MAKUMBUSHO, TUULIZE NINI?

Ndege zile nne hazipo tena katika jumba lolote. Lakini ndugu yake wa karibu, Short 184, amebaki kipande. Kimo katika makumbusho ya ndege za jeshi la majini huko Yeovilton, Uingereza. Ndege hiyo iliruka katika vita vya Jutland tarehe 31 Mei 1916, siku kumi tu kabla ya Kigoma kupigwa. Mwaka 1940, ikiwa imehifadhiwa makumbusho mjini London, iliharibiwa na mabomu yaliyodondoshwa na ndege nyingine. Ndiyo maana leo limebaki sehemu ya mbele ya mwili wake tu, bila mabawa. Mzazi akimwonyesha mtoto mbao zile, basi amemwonyesha vita ni nini.

Walioko Brussels wana wepesi zaidi, kwa sababu Msikiti Mkuu wa mji ule uko katika bustani hiyo hiyo ya Cinquantenaire yenye makumbusho tuliyoyataja. Mtu aweza kuswali, kisha akatembea kwa miguu na wanawe mpaka kwenye ndege. Walioko London wana Makumbusho ya RAF pale Hendon, ambayo kuingia ni bure. Walioko Johannesburg wana makumbusho ya taifa ya historia ya vita, yenye ndege ya Kijerumani ya jeti, Me 262. Na mwenye kufika Mombasa atakuta Fort Jesus mzinga wa manowari Königsberg, iliyoangamizwa mto Rufiji mwaka 1915 baada ya kutafutwa kwa ndege.

Basi popote mtakapokwenda, wazazi, msiwaache watoto wakapiga picha tu na kuondoka. Wafundisheni kuuliza maswali matatu.

1. Nani aliiunda, na kwa nini?

2. Nani aliibeba? Kibao cha makumbusho humtaja rubani. Wapagazi hawatajwi, nao katika vita hivi Wabelgiji walitumia wapatao 260,000, na upande wa Waingereza hesabu zao wenyewe zinafikia wapagazi 95,000 waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina yao kutokana na kikosi cha wapagazi hao.

3. Nani alikuwa chini yake? Ndege huonekana nzuri kwa anayeitazama ukumbini, taa zikiwaka na rangi imepakwa upya. Lakini haikuundwa itazamwe kutoka ubavuni. Iliundwa ipite juu ya vichwa vya watu. Kigoma mwaka 1916 palikuwa na makuli wa bandari, wavuvi na wachuuzi wa soko, ambao vita havikuwa vyao.

Mtoto wa Kizuka aliyeuliza swali lile tulimjibu hivyo. Alinyamaza kidogo, akauliza tena: "Sasa ile ndege na ile meli, ipi iliyoshinda?"

Tulimwambia ndege hazipo, na waliozituma wamekwenda zao. Meli ndiyo iliyompeleka mama yake Kigoma, na yeye akiwa mgongoni.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azidumishe amani nyumba zetu na ziwa letu. Aamiin.

Wabillaahi tawfiyq.