Nakala ya Pili: Kuungua kwa Habari za Pate na Fundisho Lake kwa Uhifadhi wa Kumbukumbu za Tana

Yeyote anayekusanya fasihi simulizi katika nchi ya Mto Tana, ziwe nyimbo za Wapokomo, masimulizi ya Waorma au tungo za Kiswahili za Kau na Kipini, hukabiliwa mapema na tatizo la pahali pa kuiweka. Zamani iliwekwa katika madaftari na kanda. Siku hizi huwekwa katika diski ya nje, yaani kile kisanduku kidogo kinachounganishwa na kompyuta kwa waya. Diski moja huweza kubeba kazi ya miaka ishirini, na huweza kuharibika kwa siku moja. Dawa yake ni nakala. Lakini nakala ina gharama, na mfuko wa mtafiti au wa maktaba ndogo ni mwepesi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba tatizo hilo si geni katika sehemu hizo, na kwamba historia yake inafundisha ni kitu gani kinachostahili kugharimiwa kwanza.

Njia ya kutoka Garsen kwenda Lamu hupita Witu. Hapo ndipo Ahmed bin Fumo Luti, Mnabahani aliyejulikana kwa jina la Simba, alipoweka makao yake katika karne ya 19 baada ya kuondoka Pate kwa sababu ya ugomvi na masultani wa Unguja. Mwaka 1885 alijiweka chini ya himaya ya Wajerumani. Kwa mkataba wa Julai 1, 1890, Wajerumani waliwaachia Waingereza haki zao katika Witu. Septemba ya mwaka huo Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake waliuawa, na mwezi uliofuata jeshi la Admirali Fremantle wa Uingereza liliushambulia mji na kuuteketeza. Wakati huo mtawala alikuwa Fumo Bakari.

Kwa mujibu wa mapokezi, miongoni mwa vitu vilivyoteketea ni kitabu cha asili cha Habari za Pate, ambacho kilieleza tawala za Wanabahani tangu mwaka 600 wa Hijria, yaani yapata mwaka 1204. Kilichookoka ni elimu iliyokuwa kichwani mwa Muhamadi bin Fumo Omar, maarufu kwa jina la Bwana Kitini, mtu wa ukoo huo huo, aliyezipokea habari hizo kutoka kwa babu yake. Kwake yeye ndiko zinakorejea nakala zinazojulikana leo. C. H. Stigand alitoa masimulizi yake kwa Kiingereza mwaka 1913, Alice Werner alichapisha matini ya Kiswahili pamoja na tafsiri mwaka 1914 na 1915, M. Heepe akatoa nyingine huko Ujerumani mwaka 1928. Miswada mingine imo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1993 Marina Tolmacheva alizikusanya nakala hizo pamoja katika kitabu kimoja.

Mambo mawili yanadhihirika hapa. La kwanza ni kwamba kitabu hicho hakikupotea kwa kukosa thamani wala mlinzi, kwani kilikuwa katika nyumba ya mtawala. Kilipotea kwa sababu nyumba ilikuwa moja. La pili ni kwamba nakala inayoandikwa baada ya hasara hailingani na ile inayoandikwa kabla yake. Nakala zilizotoka kwa Bwana Kitini hazipatani katika baadhi ya majina, mfuatano wa watawala na miaka ya kutawala kwao. Na maadam asili haipo, hakuna hakimu wa kuamua kati yao. Karatasi na wino ambavyo havikutumika kabla ya mwaka 1890 vimelipiwa na wanahistoria kwa zaidi ya miaka mia moja ya kusuluhisha nakala na nakala.

Mfano wa kinyume upo. Mwaka 1854 Johann Ludwig Krapf alipeleka Ujerumani miswada ya Kiswahili, ukiwemo Utendi wa Tambuka. Miswada hiyo iliepukana na vita na unyevu wa pwani. Hata hivyo, umbali uliowanufaisha wataalamu wa Ulaya ulimzuia msomaji wa Pate au Kipini. Kwa hiyo nakala ya mbali haitoshi bila nakala ya nyumbani. Kazi iliyofanyika Lamu katika miaka ya 2010, ya kupiga picha miswada ya Msikiti wa Riyadha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza, ilizingatia jambo hilo: asili zilibaki kwa wenyewe, na picha zikawekwa mbali.

Katika nchi ya Tana hatari ni maji na moto pia. Mafuriko ya 1961, ya 1997 na 1998, na ya 2024 yalihamisha watu na kukata njia. Katika mapigano ya Agosti na Septemba 2012, nyumba zilichomwa Riketa, Chamwanamuma na Kilelengwani. Diski mbili katika kabati moja mjini Garsen, basi, ni sawa na diski moja.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliieneza kanuni ya nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali. Asiyeweza kuitimiza yote na aanze na umbali. Kisha achague. Saa moja ya sauti isiyobanwa, kwa kiwango cha diski za muziki, huchukua megabaiti 600 na ushei. Kwa hiyo diski ya kawaida ya terabaiti moja hubeba zaidi ya saa 1,500. Kinachojaza diski kubwa, mara nyingi, ni picha za video na vitu vinavyoweza kupatikana tena kwingine. Sauti ya mzee aliyekwisha kufariki haipatikani tena, na hiyo ndiyo inayotangulia. Wakusanyaji wawili, mmoja Garsen na mwingine Malindi au Mombasa, wanaweza kuhifadhiana diski bila malipo yoyote zaidi ya nauli.

Mwisho ni kukagua. Nakala isiyofunguliwa na kusikilizwa haijulikani kuwa ni nakala. Kila mwaka faili zilinganishwe na asili, na tarehe iandikwe juu ya chombo. Warithi wa Bwana Kitini hawakuwa na asili ya kulinganishia. Mkusanyaji wa leo anayo, lakini kwa muda tu ambao diski yake ya kwanza ingali inasomeka.